Kina mama wa mwani waliponiuliza makala iko wapi

Mwaka 2013 nilikuwa nasomea uzamili wa isimu, na utafiti wangu ulikuwa pwani ya mashariki ya Unguja, huko ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianzia Paje na Jambiani mwaka 1989. Kazi yangu ilikuwa kukusanya maneno. Kina mama wanaolima mwani wana maneno yao ya maji, ya upepo, ya zao likiwa zima na likianza kuugua, na mengi ya hayo sikuyakuta kwenye kamusi yoyote niliyokuwa nayo. Kwa miezi minne nilingoja bamvua pamoja nao, yaani siku ambazo maji hutoka mbali kabisa. Maji yakitoka tunashuka, wao wanaweka kamba zao kati ya vigingi, mimi nimesimama kwenye maji ya magoti, kinasa sauti nimekifunga ndani ya kifuko cha plastiki kisiingie chumvi. Siku ya kuondoka, mama aliyekuwa mwenyeji wangu akaniambia, "Haya mwanangu, ukishaandika utuletee tuone mlivyotuandika."

Nikamwahidi. Kuitimiza ahadi ile kulinichukua miaka minane, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliipoteza kwa kutojua mambo ya uchapishaji wa utafiti ambayo mtu angeweza kunieleza kwa nusu saa. Ndiyo sababu naandika.

Nilimaliza tasnifu mwaka 2014, nikaajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi, na wiki ya kwanza tu nikaambiwa kwamba bila machapisho sipandi cheo. Hakuna aliyenikalisha chini akanieleza nichapishe wapi, wala jarida la kuaminika linatambulikanaje. Majarida mawili ya isimu yakanirudishia makala yakisema mambo ya bahari si fani yao. Kisha ikaja barua pepe. Iliniita profesa, ikasifu mchango wangu, ikaniomba makala kwa toleo la mwisho wa mwezi. Jarida lilidai kupokea kazi za uhandisi, tiba, dini, lugha na biashara, zote kwa pamoja. Leo hilo peke yake lingetosha nifute barua ile bila kuisoma mara ya pili. Wakati ule niliona nimepata mlango, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imekaa katikati ya fani mbili na kila nilikobisha niliambiwa si kwao.

Nilituma Jumatatu. Ijumaa nikajibiwa kuwa makala imekubaliwa bila marekebisho yoyote. Siku nne, na hakuna aliyeniuliza hata neno moja lina maana gani. Ikafuata ankara ya dola 180, karibu shilingi laki nne kwa bei ya dola ya mwaka 2015. Nilikopa kwenye kikoba, nikaenda benki. Karani akaitazama fomu, akaniuliza, "Dada, huyu unayemtumia ni mtu au kampuni?" Akaunti ilikuwa na jina la mtu binafsi, na nchi haikuwa ile iliyoandikwa kwenye tovuti yao. Nikamjibu ni jarida, nikatia saini.

Makala ikatoka na makosa yote ya chapa niliyoyatuma. Jina la kijiji lilikuwa limeandikwa namna mbili kwenye ukurasa mmoja. Mwaka uliofuata nikaipeleka kwenye kamati ya kupandisha vyeo, na mwenyekiti, mzee wa heshima, akasubiri watu watoke ndipo akaniambia, "Mwanangu, hii hatuwezi kuihesabu. Jarida hili halina wahakiki." Alimaanisha wataalamu wa fani wanaoisoma na kuipima makala kabla haijachapishwa. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za maktaba mpaka adhana ya magharibi. Deni la kikoba nilikuwa sijamaliza, lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa maneno ya wale kina mama. Nilikuwa nimeyaweka mahali ambapo hakuna mtafiti makini angeyasoma, na nisingeweza kuyatoa. Nilipoomba makala iondolewe nikadaiwa dola 200 nyingine. Nikakataa. Baada ya miaka miwili tovuti yenyewe ikatoweka, makala ikapotea nayo, na bado kila mhariri niliyemwandikia kuhusu matini ile ile alinijibu kuwa imekwisha kuchapishwa, hawezi kuipokea. Nililazimika kuchambua data upya na kuandika kazi nyingine kabisa.

Nieleze nilichokuja kujua, maana mtego huu bado upo na barua pepe hizo bado zinakuja. Namba ya ISSN si cheti cha ubora. Ni namba ya utambulisho tu, kama namba ya gari, na gari bovu linayo pia. Vipimo vya nukuu, yaani vya makala za jarida zinatajwa mara ngapi na watafiti wengine, vinavyotangazwa kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele mara nyingi vimetungwa. Anayeweza kukusaidia ni mtu: chukua majina mawili ya bodi ya wahariri, tafuta anwani zao kwenye tovuti za vyuo vyao wenyewe, uwaandikie. Nilipofanya hivyo, kwa kuchelewa, mmoja alinijibu kuwa hajawahi kusikia jarida hilo na hajui jina lake limefikaje pale. Fungua pia makala tatu za toleo lililopita uzisome. Halafu angalia orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, ambayo huorodhesha majarida huria, yaani yale yanayosomwa na yeyote bila malipo, yaliyokaguliwa. Orodha hiyo nayo ilipitia misukosuko yake: ilikaza masharti mwaka 2014, ikataka majarida yote yaombe upya, na mwaka 2016 ikayaondoa zaidi ya 3,000 ambayo hayakufanya hivyo. Kwa hiyo angalia leo, usitegemee mwenzako aliyeangalia miaka kumi iliyopita.

Jarida lililonilia fedha nalo lilijiita huria, na hasara ile ilinifanya nilichukie neno hilo lenyewe. Wenzangu wengi walikuwa hivyo hivyo. Walikuwa wakitaja jaribio la John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi, lililochapishwa katika jarida la Science Oktoba 2013: alituma makala ya kubuni yenye makosa ya wazi ya kisayansi kwa majarida huria 304, na 157 yakaikubali. Mimi pia nililitaja mara nyingi. Sikujiuliza kwamba yeye hakuyajaribu majarida yanayouzwa, hivyo jaribio lake halikuweza kusema kama hayo yangefanya vizuri zaidi. Nilichotaka ni kukimbilia upande wa pili, na nikakimbilia.

Safari hii sikuwa peke yangu. Mwenzangu wa baiolojia ya bahari alikuwa na vipimo vya joto la maji kwenye eneo lile lile. Mwani unaolimwa pale ni wa aina mbili: ule mnene, Kappaphycus, ambao una bei nzuri, na ule mwembamba, Eucheuma, ambao una bei ya chini lakini ni mvumilivu. Ule mnene umekuwa ukifa kwa sababu ya maji kupata joto. Unakuwa mweupe kwenye vifundo, unalainika, unakatika na kuchukuliwa na maji. Kina mama walikuwa wakinieleza hatua za ugonjwa huo kwa maneno tofauti, na tulipoyaweka sambamba na vipimo vyake tukaona yanafuatana. Nilikaa usiku mzima ofisini kwake nikilinganisha kinasa sauti na jedwali lake la joto. Sijawahi kuwa na usiku wa kazi mtamu kama ule.

Tukaandika, tukatuma kwa jarida la nje lenye sifa kubwa, linalouzwa kwa maktaba. Hapo nilikutana na uhakiki wa kweli: wahakiki wawili, kurasa sita za maswali, miezi kumi na minne, mara mbili tukarudishiwa. Kazi ilitoka bora kuliko tulivyoipeleka. Hatukulipa chochote. Mwishoni ikaja fomu ya hakimiliki, tukatia saini usiku ule ule kwa furaha. Sikuisoma. Nakuomba wewe uisome, hata kama umechoka, kwa sababu kwenye fomu ile tulikabidhi hakimiliki yote kwa mchapishaji, na kamati ya vyeo iliyotupongeza haikuliona hilo, wala sisi wenyewe.

Tuliliona mwaka 2018. Nilirudi kijijini, nikashusha zawadi zangu, shikamoo marahaba, nikawaambia makala imetoka. Mwenyeji wangu akawaita wenzake, tukakaa barazani, binti yake aliyekuwa kidato cha tatu akaitafuta kwa simu. Akaipata. Akaona kichwa cha habari, jina langu, jina la kijiji chao, ikisiri, yaani muhtasari, ya Kiingereza, kisha kisanduku cha malipo: dola arobaini na kitu kwa kuisoma siku moja. Yule binti akasoma kiasi hicho kwa sauti. Mmoja wa kina mama akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kumbe maneno yetu yanauzwa?"

Sikuwa na jibu. Nilisema ni utaratibu wa wachapishaji, nikawaambia nitawachapishia nakala. Na hata nakala yenyewe sikuwa nayo kihalali, kwa sababu chuo chetu hakikuwa kimelipia jarida hilo. Mimi mwandishi nilikuwa nimeombewa faili na rafiki aliyekuwa akisoma Ulaya. Usiku ule sikulala vizuri.

Aliyenitoa gizani ni mkutubi wa chuo chetu. Nilikuwa nimefanya kazi ghorofa moja juu yake kwa miaka minne bila kumwuliza chochote zaidi ya nenosiri la intaneti. Nilipomweleza akavuta kiti akasema, "Dada, mbona hili lina njia?" Akaniambia kuhusu Tamko la Budapest la tarehe 14 Februari 2002, lililopendekeza njia mbili za kuufanya utafiti usomwe bure: kuchapisha katika majarida ambayo ni huria tangu mwanzo, au mwandishi kuweka nakala yake katika hazina ya machapisho iliyo wazi. Njia hii ya pili ndiyo iliyotuokoa. Wachapishaji wengi wanaruhusu kuweka muswada uliokubaliwa, yaani lile faili la mwisho baada ya uhakiki, kabla halijapangwa kurasa na nembo zao, baada ya muda fulani. Sharti la jarida letu lilikuwa miezi kumi na miwili, na ilikuwa imekwisha kupita.

Hapa ndipo nilipokaribia kukosa tena. Faili lile la mwisho sikulihifadhi. Nilikuwa na matoleo tisa kwenye kompyuta mbili, yote yameandikwa "mwisho" na "mwisho kabisa". Mwenzangu ndiye aliyelikuta kwenye barua pepe zake. Hivyo siku makala yako inapokubaliwa, kabla hata ya kumpigia mtu simu kumweleza, weka faili hilo peke yake kwenye folda yenye tarehe. Faili zuri la kurasa zilizopangwa ambalo mchapishaji anakuletea baadaye huwa si lile unaloruhusiwa kuliweka wazi, na watu wengi hukosea hapo.

Makala ya tatu tuliipanga tangu mwanzo iwe huria, na tukaanza kubishana, mimi na mwenzangu, kwa wiki nzima. Yeye katika fani yake amezoea kwamba huria maana yake mwandishi, au mradi wake, analipa. Mimi katika fani yangu sikumjua mtu hata mmoja mwenye mradi wenye fedha za namna hiyo. Ada hizo zinatisha. Novemba 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja, na huo ni mshahara wa muda mrefu sana kwa mhadhiri msaidizi. Lakini hakuna sheria kwamba huria lazima mwandishi alipe. Wanafizikia wamekuwa wakiweka miswada yao arXiv, hazina ya wazi ya mtandaoni, tangu mwaka 1991 bila ada. Katika sanaa na sayansi za jamii kuna Open Library of Humanities, ambayo inaendeshwa kwa michango ya maktaba, na mwandishi halipi. Kwa Kiswahili kuna Swahili Forum inayotoka Ujerumani, ambayo unaisoma bila kulipa. Kwa bahari yetu kuna Western Indian Ocean Journal of Marine Science ya WIOMSA, chama cha sayansi ya bahari cha magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao makao yao yako hapa hapa Zanzibar. Nilikuwa nikipita karibu na ofisi zao nikielekea benki kutuma zile dola 180.

Na hata kwenye majarida yenye ada, omba msamaha wa ada. Wachapishaji wengi wakubwa wanafuata makundi ya nchi ya Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo nafasi ya kusoma majarida bure au kwa bei nafuu, na Tanzania imo katika kundi A, ambalo waandishi wake mara nyingi husamehewa ada yote. Sharti ni kuomba mapema, wakati wa kutuma makala. Ukingoja mpaka ankara ifike, wengi watakuambia umechelewa. Kama mwandishi mwenzako yuko nchi tajiri, soma masharti vizuri, kwa sababu baadhi wanataka waandishi wote, au yule anayewasiliana na mhariri, wawe wa nchi za kundi hilo. Kuomba msamaha huo kulinifanya nijisikie ombaomba, nakiri. Mkutubi akaniambia nisione haya, kwamba utaratibu umewekwa utumike. Niliandika sentensi tatu. Nikajibiwa ndani ya siku mbili: tumesamehewa yote.

Jambo moja lilinisumbua zaidi ya fedha. Kuwa huria hakumaanishi kila kitu kimwagwe nje. Makala tuliichapisha kwa leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuisoma, kuinakili na kuitafsiri mradi ataje waandishi. Rekodi za sauti hatukuziweka wazi. Mwaka 2013 nilipowaomba kina mama ridhaa, niliwaambia sauti zao zitatumika kwa masomo yangu. Sikuwaambia zitasikilizwa na dunia nzima, na ndani ya rekodi zile kuna mazungumzo ya waume, ya madeni, ya mnunuzi anayepunja kwenye mizani. Nilirudi kuomba ridhaa upya. Wengine walikubali, wawili walikataa, na mmoja alikuwa amefariki, na wanawe wakasema wangependa sauti ya mama yao ibaki kwao. Niliwapelekea kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Kama unaanza utafiti sasa, iandike ridhaa ya kuweka data wazi katika fomu yako ya kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida, na kila kipengele kiwe na kisanduku chake cha kukubali au kukataa.

Tuliomba pia ikisiri ya Kiswahili ikae juu ya ile ya Kiingereza, na orodha yote ya istilahi iwe kiambatisho kinachopakuliwa peke yake. Mhariri alikubali mara moja. Miaka yote ile sikuwahi kuwaza kuomba.

Ilitoka mwaka 2021. Nilishuka kijijini wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali, makusudi niwakute ufukweni. Walikuwa wamekaa chini ya banda la makuti, kila mmoja na fungu lake la kamba, wanafunga mbegu za mwani moja moja. Yule binti sasa alikuwa mtu mzima, ana mtoto mgongoni. Akaandika jina la makala kwenye simu yake, ikafunguka. Hakuna kisanduku. Akaanza kuisoma ikisiri kwa sauti, kisha orodha ya maneno, na kina mama wakawa wanaitikia, wengine wanacheka wakisikia neno lao limeandikwa. Mwenyeji wangu alikuwa ameinama kwenye kamba yake bila kusema kitu, mpaka binti alipofika kwenye maelezo ya maji mafu, ambapo tulikuwa tumeandika kwamba siku hizo hakuna kazi ya mwani.

Akainua kichwa. "Nani kawaambieni hakuna kazi? Na hivi tunavyofanya ni nini? Maji mafu ndiyo siku za kufunga mbegu. Rudisheni mkaandike sawa."

Nilimwandikia mhariri jioni ile ile, nikiwa bado kwenye baraza yake. Marekebisho yalichapishwa wiki tano baadaye, na yameunganishwa na makala kiasi kwamba kila anayeifungua anayaona kwanza. Nilimpigia simu nikamsomea. Akanitaka nisome tena, polepole, na shoga yake asikie.